Mhariri, mmesahau maji

Assalaam alaykum mhariri,

Nimeisoma ile makala yenu ya yule msomi wa jiolojia anochunguza madini na maji kule bamba la bahari (kipande kikubwa mno cha gamba gumu la dunia) linapozama chini ya bamba jengine, nimeisoma mara mbili, na nasema kweli imenisikitisha. Mmetwambia kasoma wapi, kapewa heshima gani, anaishi na nani, kazi yenyewe mkaipa mistari minne, na katika hiyo minne mkasema anachunguza "moto wa chini ya ardhi" na kuwa mambo hayo ni ya Indonesia na Japani, sie wa visiwani yako mbali na sie. Yote mawili sio. Anachokichunguza ni maji, na yametufika.

Marehemu baba alikuwa mchoma chokaa hapa Makunduchi, mie nimekulia pembeni ya tanuu, magogo ya minazi chini, mawe ya matumbawe juu, linawaka usiku kucha. Jiwe likitoka ukilitazama ni lile lile, ukilinyanyua jepesi, maana kuna hewa ilokuwa imefungwa ndani yake na moto ndo uloitoa. Sasa shika hilo halafu mfikirie fundi anokoroga zege. Maji anayotia hayakauki yote, mengine yanashikana na saruji yanakuwa ndo jiwe lenyewe, ukuta ukiugusa mkavu lakini maji yamo. Basi huko chini ya bahari yanatokea yote mawili, kwanza la fundi halafu la baba.

Mwamba wa sakafu ya bahari ukipasuka maji ya bahari yanaingia ndani kabisa, yanakutana na madini yanoitwa olivini, yanaigeuza inakuwa serpentini, jiwe la kijani linoteleza mkononi kama sabuni. Serpentini karibu asilimia 12 au 13 ya uzito wake ni maji, yaani jiwe la kilo moja mna zaidi ya gramu 100 za maji ndani yake na huwezi kulikamua hata tone. Sasa bamba lile linazama, polepole mno, pale Sumatra ni kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, linakwenda na mzigo wake wa maji, na kila likishuka joto linapanda na mgandamizo unazidi mpaka madini moja baada ya jengine yanashindwa kuyashika yale maji yanayaachia. Na ule mwamba wa juu wa bamba, ukishaachia maji yake, unageuka kuwa eklojaiti, mzito kuliko ulipoanza, una chembe nyekundu za garneti katikati ya kijani, na uzito huo unasaidia kulivuta bamba zima liendelee kuzama.

Maji yaloachiwa yanapanda juu yanaingia kwenye manto, lile tabaka la moto lilo chini ya ganda la dunia. Hapa ndo mlipokosea. Manto ikiwa kavu, kwenye kina cha kilomita 100 hivi, haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 1,400, ikipata maji hata digrii 1,000 zinatosha. Kwa hivyo volkeno zile za Indonesia na Japani na milima ya Andes zimewashwa na maji, moto wenyewe ulikuwepo siku zote na mwamba haukuyeyuka mpaka maji yalipofika. (Kilimanjaro na Oldoinyo Lengai msizitie humu, zile ni za bonde la ufa, hakuna bamba linozama pale.)

Mtauliza watu wamejuaje, maana shimo lilochimbwa kwenda chini kuliko yote, la Kola kule Urusi, halikufika hata kilomita 13. Wamejua kwa mawe yalokwenda chini yakarudi. Ndo kazi ya huyo msomi wenu mliyoiruka! Anachukua jiwe analikata jembamba mpaka mwangaza unapita, anatafuta ndani ya fuwele vitone vya maji vidogo kuliko upana wa unywele vilivyonaswa huko huko chini mamilioni ya miaka nyuma, na kutokana na vitone hivyo na aina ya madini yaloota pamoja anakisia jiwe lile lilifika kina gani na joto gani. Na mawe ya namna hiyo tunayo Tanzania hii hii, kwenye ukanda wa Usagara kule bara kuna eklojaiti za miaka bilioni 2, mwaka 1995 wataalamu walizitangaza kuwa ushahidi kwamba hata wakati ule mabamba yalikuwa yanazama. Ni katika za zamani sana zilizopata kujulikana duniani. Msomaji wa Unguja na Pemba hakustahili kuambiwa hilo? Hata tanzanaiti, kila mtu anaijua kwa pete na bei yake, jiwe lile ni zoisaiti na zoisaiti ina maji ndani ya umbile lake. Ya Mererani ina historia yake nyengine, lakini zoisaiti ni mmoja wa wabebaji wa maji kwenda huko chini serpentini inapokuwa imeshindwa.

Sasa hili la kutuhusu. Tarehe 26 Disemba 2004, Jumapili, karibu saa kumi za alfajiri kwa saa zetu, mpaka wa mabamba pale Sumatra ulichanika zaidi ya kilomita 1,200. Maji yanobanwa kwenye mipaka kama ile yanapunguza mshikamano wa mawe, na ndo sababu wanaochunguza mitetemeko hawaachi kuyafuatilia. Bahari ikanyanyuka ikaja mpaka huku Afrika. Somalia walikufa karibu watu 300, Dar es Salaam pia walikufa watu. Sie hapa tuliona maji yanakwenda na kurudi yasivyo wakati wake, wazee wakaduwaa, mie nilikuwa pwani nikamvuta mdogo wangu mkono tukapanda juu bila kujua tunakimbia nini.

Na jueni siku ile ilikuwa mwezi mpevu, bamvua, kila mvuvi anajua bamvua maji yanajaa mpaka wapi. Mawimbi yalitufikia mchana bahari haijajaa. Yangefika saa kumi jioni, maji yamesimama kwenye kuta za nyumba za ufukweni, leo tungekuwa na hesabu nyengine. Na hapo Pangani, ng'ambo tu ya Nungwi, mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo ya tabaka la mchanga lenye mifupa ya watu, mawimbi ya tsunami yalopiga kama miaka 1,000 nyuma, watu wa pwani hii hii wanaovua na kujenga kama sie. Kwa hivyo mkituandikia hayatuhusu mnatulaza usingizi.

Ombi langu dogo. Mrudieni yule msomi mumuulize ni mawe gani anayoyakata, kayaokota wapi, vitone vile vimemwambia nini, halafu mtuchapie pamoja na mchoro, nusu ukurasa unatosha. Skuli ya hapa kijijini walimu wanabandika makala zenu ukutani, na ile ya wiki iliyopita imeshabandikwa, nimeiona jana, na maneno yake ya moto wa chini ya ardhi.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Makunduchi