Jenerali Auzāns akumbukwe pia kwa upimaji wake

Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke Andrejs Auzāns, mwanajeshi wa Latvia aliyezaliwa mwaka 1871 na kufariki mwaka 1953, ambaye akitajwa hutajwa kwa vita tu, ilhali miaka yake mingi aliitumia kupima ardhi na kuchora ramani.

Latvia ilikuwa bado chini ya Urusi, naye alisomea upimaji na kuufanyia kazi akiwa ofisa wa jeshi la himaya hiyo. Alipelekwa Turkestan, Asia ya Kati, akahudumu hata katika kituo cha kuchunguzia nyota cha Tashkent. Msomaji asishangae: kabla ya setilaiti, mpimaji alijua mahali aliposimama kwa kupima kimo cha nyota na kwa saa iliyorekebishwa kwa uangalifu mkubwa, na kosa la sekunde chache usiku mmoja liliweza kuusogeza mji mzima kwenye karatasi.

Januari 1917 aliongoza brigedi ya pili ya askari wa Kilatvia katika Mapigano ya Krismasi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, karibu na mji wa Riga, walipovuka vinamasi vilivyoganda kwa baridi na kuwavamia Wajerumani bila mizinga kutangulia. (Kalenda ya Urusi, iliyokuwa nyuma kwa siku 13, ilisoma bado Desemba.) Ujasiri huo nauheshimu kwa dhati, lakini ulidumu siku chache, na kazi ya kupima ilidumu miaka.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, likiandika tena kuhusu vita ile, liwape wapima ardhi ukurasa wao.

Msomaji wako,
Tanga