Barua kwa mwanangu kutoka Ilha de Moçambique

Mwanangu kipenzi,

Nimefika salama hapa Kisiwa cha Msumbiji, ila mgongo ndio unaolalamika. Umeniuliza mbona nimekutumia picha ya mapaa matupu, na ngome ambayo watu wanaifuata kutoka Ulaya sikuipiga hata moja. Subiri nikueleze.

Kuingia kisiwani kuna daraja la zaidi ya kilomita 3, tena la njia moja. Magari yakikutana, moja linajibanza pembeni mahali palipotanuliwa, jingine lipite. Chapa yetu, ndivyo wanavyoita daladala huku, ilijibanza mara mbili, na kila mara dereva alizima injini kabisa kama mtu aliyefika kwake.

Nilianzia kaskazini, kwenye Mji wa Mawe, kama mgeni yeyote. Ngome ya São Sebastião Wareno walianza kuijenga mwaka 1558. Waholanzi waliizingira mwaka 1607, wakarudi tena 1608, na mara zote mbili waliondoka mikono mitupu. Wewe unajua macho ya fundi mwashi yanakwenda wapi: mizinga niliipita, nikasimama kwenye birika. Maji matamu ni shida kisiwani tangu zamani, kwa hiyo mvua inayoanguka juu ya ngome inaongozwa hadi birikani. Waliojenga pale walijua kazi, sitawanyima haki yao.

Ikulu ya gavana ni nyekundu, mbele yake kasimama Vasco da Gama wa shaba. Hapo sikukaa. Nilipenda zaidi mitaa ya nyuma, ambako mizizi ya mitini imeshika kuta za matumbawe kama vidole. Makao makuu ya koloni yalihamishiwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, mwaka 1898, na majumba mengi yakaanza kukosa mwenyewe. Nyumba ya chokaa isipopakwa kila baada ya mvua chache huwa inakufa taratibu, nimekwambia hilo tangu ukiwa mdogo.

Jioni nikatembea kuelekea kusini, kwenye mtaa wa Macuti. Ndiyo, ni makuti yale yale yetu, Wareno wameyaandika kwa c tu, ingawa siku hizi mabati nayo yamejaa. Nikashangaa: barabara iko juu, nyumba ziko chini. Mama mmoja alikuwa anatwanga uani kwake, nami nikawa namtazama utosini kana kwamba niko ghorofani. Nilidhani ardhi imetitia. Mzee mmoja akacheka, akanyoosha kidole kaskazini: mawe ya kule yote yalitoka hapa. Walichimba upande huu wakainua majumba upande ule, na waliochimba, watumwa na vibarua, wakajenga vibanda vyao humo humo shimoni. Wajukuu wao wangali humo. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwao.

Nimechimbisha mawe miaka thelathini, mama, na kila shimo tuliliacha tukaenda zetu. Sijawahi kufikiria mtu kulala ndani yake.

UNESCO iliorodhesha kisiwa kizima kuwa urithi wa dunia mwaka 1991, pande zote mbili, lakini wanaokuja na kamera naona wanaishia kaskazini. Ile picha ya mapaa, basi, sikupanda ngazi wala ukuta. Nilisimama barabarani tu.

Nimekununulia kamba ya shanga. Watoto wanaziokota ufukweni maji yakitoka, zinatoka kwenye merikebu zilizozama. Ni ndogo kama mtama, nyekundu iliyofifia. Enzi zile shanga zilikuwa bidhaa ya kubadilishana, zikanunua pembe, zikanunua na watu. Nilizishika muda mrefu kabla ya kulipa. Ukiona huwezi kuzivaa, ziweke tu kwenye kibweta cha bibi yako, sitakuuliza.

Chapa ya Nampula inaondoka kabla ya alfajiri, ngoja nilale.

Baba yako