Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miche Iliyokauka Wakati wa Likizo

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati kuu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu cha wahadhiri, wafanyakazi na wahitimu wa vyuo vikuu hapa Nairobi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililotushughulisha kuliko mengine yote mwaka huu, yaani wajibu wa elimu ya juu katika kuyatunza mazingira.

Katika jambo hili mji wetu una mfano wake wenyewe. Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971, alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mifugo, yaani maumbile ya miili yao. Ni alipokwenda mashambani kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ndipo alipoona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho, na mwaka wa 1977 akaanzisha harakati za kina mama za kupanda miti. Nalikumbusha hili kwa sababu bado wako wenzetu wanaoamini kwamba mazingira ni somo la idara moja tu, ilhali mhasibu, mhandisi na daktari wa mifugo wote hunywa maji ya mto uleule.

Sasa nieleze tulipokosea. Mwanzoni mwa masika tulipanda miche ya muhugu na mikuyu katika chuo kimoja ambacho sitakitaja jina, mbele ya wageni wengi, na kila mche ukafungiwa kibandiko chenye jina la aliyeupanda. Wanafunzi walipokwenda likizo ndefu, mpira wa maji ulifungiwa stoo. Nilipopita pale mwezi wa Septemba, zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imekauka. Niliushika mmoja ukakatika mkononi, na kibandiko cha mgeni wetu bado kilikuwa kinaning'inia. Niliumia sana. Hakuna aliyeihujumu miche ile, ila tu hatukuwa tumemkabidhi mtu yeyote kazi ya kuitunza, na lawama hiyo ni ya kamati yangu kwanza.

Kwa hiyo wakati wa vuli tulipanda miche michache kuliko ile ya kwanza, kila mche ukakabidhiwa mwanafunzi mmoja pamoja na mtunza bustani anayebaki chuoni likizo, na mashina yakafunikwa nyasi kavu ili unyevu usipotee. Mingi imeshika.

Kazi ya kutenganisha taka bwaloni imeniridhisha zaidi. Sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, lakini nyuma ya jiko tulikuta makombo ya ugali, maganda ya viazi na chupa za plastiki katika pipa moja, vyote vikisubiri lori la kuelekea jaa la taka la Dandora. Wapishi ndio waliotufundisha kwamba mapipa yakae kando ya meza ya kukatia mboga, si uani, kwani saa za mapishi hakuna mwenye nafasi ya kutoka nje. Leo maganda hayo yanageuka mboji ya kitalu chetu.

Kuhusu nishati hatujafanya lolote, ingawa Chuo Kikuu cha Strathmore kilikwisha kuweka mitambo ya jua ya kilowati 600 juu ya mapaa yake tangu mwaka wa 2014.

Kamati inawaombeni mpitishe mambo mawili: kwamba tuziombe idara zote ziwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho kufanya miradi yao juu ya maji, taka na umeme wa chuo chao wenyewe, na kwamba sehemu ya ada zenu igharamie posho ya watunza bustani wakati wa likizo. Kura itapigwa mara tu baada ya taarifa ya mweka hazina.