Ulikuwepo Siku Ile Matondoni

Yakhe Swaleh,

Salaam nyingi. Kimya chako nitakulaumu siku nyingine. Sisi wazima, ila mama bado kamnunia Fuad kwa yale ya gari.

Nakuandikia kwa ile picha niliyompiga mzee kule Matondoni, Lamu, akikalafati jahazi, akiziba nyufa zake. Juzi nimeitwa kupiga picha za harusi hoteli moja huku Nyali. Kuingia mapokezi, mzee huyo! Kajaa ukuta mzima, na jina langu pale pembeni limekatwa kama ukucha. Hawa walinunua nakala moja tu ya fremu, shilingi 12,000, nami siku hiyo nikaona nimeula. Kumkabili meneja, ananiambia, "Si tulikulipa?" Nikamwambia ulilipia karatasi na fremu, hakimiliki haihami mpaka tuandikiane na kutia saini. Ungekuwa wewe ndiye uliyeniagiza niipige, hapo tungeongea mengine. Akaniitia chai ili nipoe. Na kikombe, wallahi, kina mzee!

Nikapanda basi hadi Lamu, nimwambie mzee tudai pamoja. Kumbe keshatangulia, Mungu amrehemu. Binti yake akanisikiliza hasira zangu zote, akanimiminia kahawa, ndipo akauliza taratibu: "Na wewe, baba ulimwomba?"

Nikameza kahawa ya moto.

Kwa sheria picha ni yangu, sawa. Lakini ule uso? Unakumbuka 2023, Kamishna wa Data alipoitoza klabu ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja bila ridhaa yake? Mimi nilicheka, nikasema wamekoma. Na mzee nilimpa nini? Hata pesa ya kahawa sikumpa. Barua ya madai ya hoteli ninayo, imechapwa, bado iko mfukoni. Kila nikitaka kuipeleka namsikia yule binti.

Sasa wewe ndiwe uliyenishikia mwavuli. Nilimwomba, au nilipiga tu? Nakumbuka aliinua nyundo, nikaona ameridhia. Au alikuwa ananifukuza? Alitamka neno lolote? Na ile nakala niliyokupa ulipohama, bado unayo? Yangu ilienda na ile diski. Binti anaitaka, kwao hawana picha yake hata moja. Waweza kuipakia basi la Ijumaa?

Wako,
Athumani