Kompyuta ndogo nzuri ni sawa, lakini zifunguke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niongelee hizi kompyuta ndogo za mezani, mini PC, maana sasa hivi zimejaa madukani na ukiingia Instagram kila siku kuna mtu anatangaza nyingine, nyeupe, ya rangi ya fedha, ina taa pembeni, inakaa kiganjani, na watu wanazinunua kwa ajili ya steshenari, ofisi, shule, hata kwa watoto nyumbani, na mara nyingi wanachoangalia ni umbo na bei basi.

Mi ni fundi kompyuta hapa Tanga na niseme mapema kwamba udogo naupenda. Mtu ana fremu ndogo, humo humo kuna fotokopi, printa, rimu za karatasi na benchi la wateja, ukimwekea na mnara mkubwa wa zamani mezani hata pa kusainia fomu panakosekana. Kompyuta ya ukubwa wa kitabu unaifunga nyuma ya monita na meza inabaki wazi. Halafu kuna umeme. Nyingi ya hizi ndogo za ofisini adapta yake ni wati 65 au 90, kwa hiyo ukikatika UPS ya kawaida, lile boksi la betri la akiba, inakwenda nayo muda wa kutosha umalizie kazi ya mteja, na anayetumia sola na invata anajua vizuri nachosema. Sasa shida yangu iko ndani ya hicho kiboksi. Mi nadai kitu kimoja tu, kompyuta ya mezani iwe ndogo iwezavyo, iwe nzuri iwezavyo, lakini vile vitu vinavyotangulia kufa, yaani feni, diski ya kuhifadhia mafaili, ramu (kumbukumbu ya muda inayotumika kompyuta ikiwa kazini) na adapta ya umeme, mtu aweze kuvitoa na kuweka vingine.

Na inawezekana kabisa. Chukua hizi zinazokuja zimeshatumika maofisini nje, Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro. Kwa sura hazina lolote, nyeusi, zina mikwaruzo, stika ya ofisi ya watu bado imeganda juu. Ila nyuma kuna skrubu moja, unailegeza, unasukuma mfuniko kwa mbele, umeshaingia. Ramu ni zile zile za laptopu, ziko mbili, unazichomoa kwa vidole, kuna sehemu ya diski ya inchi 2.5 na nyingine ya SSD ya kuchomeka, yaani diski ya kisasa yenye kasi, hata prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwenye nyingi inakaa kwenye soketi yake. Adapta nayo mara nyingi inaingiliana na ya laptopu za kampuni hiyo hiyo, cha kuangalia ni pini na wati tu, kwa hiyo ikifa asubuhi mchana umeshapata nyingine hapa hapa mjini. Aliyebuni hiki kitu alikuwa anamfikiria mtu wa IT mwenye kompyuta mia tano za kuhudumia, na bila kujua akamsaidia na mwenye steshenari wa Ngamiani hapa Tanga.

Sisi wa pwani hili linatugusa zaidi. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, vumbi likikutana nayo linaganda kwenye feni hata blowa halilitoi mpaka ulikwangue na brashi. Mteja anakuletea mashine inawaka ila skrini nyeusi, inapiga tii tii tii. Unafungua, unachomoa ramu, unasugua vile vijino vya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha mwanafunzi, taratibu pande zote mbili, unapuliza, unarudisha, inawaka. Kazi ya dakika chache na mteja anatoa hela ndogo tu anaondoka na mashine yake. Ramu ikiwa imechomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, hiyo huduma haipo.

Kuna dada mmoja ana steshenari aliniletea yake mpya, jina la kampuni naliacha. Nzuri kweli kweli, aluminiamu tupu, huoni skrubu hata moja. Kumbe skrubu ziko chini ya miguu ya raba iliyogandishwa na gundi, ukishaibandua haikai tena kama mwanzo, na ukiinua mfuniko kwa haraka unakata kile kiwaya chembamba cha antena ya waifai maana antena yenyewe wameibandika upande wa ndani wa mfuniko. Tatizo lilikuwa dogo tu, feni imekwama, mashine ikipata moto inajizima katikati ya kazi na ilikuwa msimu wa kadi za harusi. Feni ya saizi ile sikuipata dukani hata moja, adapta pini yake ya peke yake, ramu giga 8 zimechomelewa, kwa hiyo hata nilipofanikiwa kuisafisha na kuipoza kidogo bado anayoifanyia kazi ni ile ile inayokwama akifungua faili kubwa la picha, na kuongeza hawezi milele. Pesa aliyotoa angepata moja ya zile nyeusi zenye mikwaruzo, aweke ramu giga 16 na SSD mpya, na chenji ibaki. Hiyo iliniuma sana kwa sababu ni mtu anayejitafutia riziki kwa hiyo mashine.

Hili la urembo kushindana na matumizi sio la leo. Mwaka 2000 Apple ya Marekani ilitoa Power Mac G4 Cube, mchemraba wa kama inchi 8 kila upande ndani ya gamba la plastiki angavu, hauna feni, hewa ya moto inapanda yenyewe na kutokea juu. Jony Ive na wenzake ndo walioubuni na leo uko kwenye mkusanyiko wa makumbusho ya MoMA kule New York. Bei ilianzia dola 1,799 bila skrini, wakati mnara wa G4 wa bei ya chini ulikuwa dola 200 pungufu na una nafasi za kuongeza kadi za ndani za kuipa mashine uwezo zaidi ambazo Cube haikuwa nazo. Watu wakalalamikia vimistari mfano wa nyufa kwenye lile gamba, mauzo hayakufika, na Julai 2001 wakasimamisha kuitengeneza. Wengi wanaoisimulia wanaishia hapo na kusema ndo matokeo ya urembo. Lakini igeuze Cube kichwa chini. Kuna mpini, unaubonyeza unachomoza, unavuta na utumbo wote unatoka nje kwa mkono mmoja bila bisibisi, nafasi tatu za ramu hizo hapo zinakutazama. Yaani mashine iliyopigiwa mfano wa urembo uliozidi kipimo, ndani yake fundi alikumbukwa kuliko kwenye nyingi ya hizi tunazouziwa sasa! Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kizuri lazima kifungwe.

Mac mini, kompyuta ndogo ya Apple hao hao, nayo inaonyesha walivyokuwa wanakwenda mbele na kurudi. Ya 2005 iliuzwa kuanzia dola 499 na kuifungua ulihitaji kupenyeza bapa jembamba la mpaka rangi pembeni. 2010 wakaweka mfuniko wa mviringo chini, unauzungusha kwa vidole gumba ramu hii hapa, safi kabisa. 2014 wakachomelea ramu. 2018 ikarudi ya kuchomoa. 2020 na chipu ya M1 ramu ikawa kitu kimoja na prosesa. Ya 2024 ni mraba wa sentimita 12.7 hivi, ilipotoka ilianzia giga 16 kwa dola 599, ina kasi, haipigi kelele, umeme unaingia na waya mmoja bila lile tofali la adapta, kwa kweli ni kazi nzuri. Ila swichi ya kuwashia wameiweka chini kwenye kona, na hakuna tundu la USB ya kawaida hata moja. Kwa mtu wa steshenari hilo sio dogo, kila mteja anaingia na fleshi ya kawaida mkononi, kwa hiyo inabidi awe na kiunganishi kinaning'inia muda wote.

Haki isemwe, sio kila anayechomelea ramu ana nia mbaya. Kuna chipu ambazo kasi yake inategemea ramu kuwa karibu sana na prosesa. Hata Framework, kampuni iliyojijengea jina kwa vifaa vya kujitengenezea mwenyewe, desktopu yao ndogo ya 2025 ramu imechomelewa. Lakini wao walieleza sababu waziwazi, na mazabodi, feni, pawasaplai na SSD wakaacha ziwe za vipimo vya kawaida vinavyouzwa popote. Nachopinga mimi ni kuchomelea na kugandisha kwa gundi kwenye kimashine cha bei ya chini kisicho na kasi yoyote ya kukitetea, ili tu kiwe chembamba kwenye picha.

Na joto halibembelezwi. Apple hao hao 2013 walitoa Mac Pro, kompyuta yao ya kazi nzito, yenye umbo la pipa, nyeusi, feni moja juu, na Aprili 2017 wakubwa wao wakakiri mbele ya waandishi wa habari kwamba umbo lile liliwabana kwenye suala la joto, 2019 wakarudi kwenye mnara wenye nafasi. Hao wana maabara na viyoyozi. Sasa kiboksi chenye vitundu viwili vya hewa, kimewekwa kwenye fremu ya bati Tanga mwezi wa pili, kitaishije?

Ombi langu kwa wauzaji, andikeni kwenye tangazo kama ramu inatoka au haitoki, na kama feni na adapta yake mnayo ya akiba. Wanunuzi, kabla hujalipa mwambie muuzaji aifungue mbele yako, akikataa au akianza kutafuta kisu cha kubandulia raba nenda duka la pili. Kwa hizi zilizotumika ulizia prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu, kwa sababu Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025 na Windows 11 inataka kuanzia hapo, na zipo nyingi za kizazi cha 6 na 7 zinauzwa bila mtu kuambiwa. Kama kazi yako ni kuhariri video na umeamua ile ya kuchomelea, sawa, ila chukua ramu kubwa tangu siku ya kwanza. Shule na halmashauri zinazonunua kwa zabuni ziandike hayo kwenye masharti, sio kuandika "kompyuta ndogo ya kisasa" halafu miaka miwili baadaye chumba kizima cha kompyuta zilizokufa kimefunikwa vitambaa.

Na wewe Mhariri, waandishi wako wa teknolojia wakiletewa kifaa kipya wakionje, naomba wakigeuze, wahesabu skrubu, wakifungue, na picha ya ndani itoke gazetini pamoja na ya nje.

Fundi kompyuta,
Tanga