Mwanangu, soma kabla hujalivaa

Mama,

Kwenye bahasha nimeandika "soma kabla hujalivaa", lakini nakujua. Barua nimeitia mfuko wa ndani, upande wa kushoto, na kama unaisoma sasa ni kwa kuwa umeshalivaa koti, umeshajitazama kwenye simu, ndipo ukaingiza mkono mfukoni. Haya. Sisi huku Tandika wazima, mama yako goti tu, na hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yetu, kama tulivyofundishwa kuandika enzi zetu.

Ulinitumia sauti ya dakika nne. Niliifungua nikiwa nampima mteja, akaisikia yote mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Fundi, huyo binti anajua anachotaka." Unajua kweli: koti la khanga ya bibi yako, liwe bwanga, mabega yadondoke, jina, yale maneno yaliyochapwa kwenye khanga, likae mgongoni. Halafu ukatamka neno moja lililoniweka wiki tatu mkasi ukiwa mezani. Ulisema unataka kitu ambacho Dodoma nzima hakuna mwingine anacho.

Nikuambie ninayoyaona kutoka hapa barazani, maana mtu akikaa nyuma ya cherehani miaka thelathini na kitu anakuwa kama muuza kahawa, kila kitu kinapita mbele yake.

Katikati ya wiki naletewa sare. Kamati ya harusi imekaa, rangi imechaguliwa, kitambaa kimenunuliwa Kariakoo kwa jumla, na kuanzia hapo wanakuja kina mama ishirini na tano na kitenge kimoja, ua lile lile. Kila mmoja ananiinamia sikioni: "Fundi, wangu uwe tofauti." Huyu anataka peplamu, yule anataka mgongo wazi, mwingine mkono mmoja uvimbe kama puto na wa pili usiwepo kabisa. Wamelipa ili wafanane, kisha wananilipa mimi ili wasifanane. Mwaka jana alikuja mama mmoja muuza dagaa, katoa elfu hamsini ya kitambaa na mchango wa harusi wenyewe hajamaliza. Nikamuuliza kwa nini asivae gauni alilonalo. Akanitazama kama nimemtukania wazee wake. "Nikikaa ukumbini na gauni langu, nani atajua mimi ni wa upande wa bibi harusi?"

Zamani sare nilikuwa naiona ulimbukeni. Tangu siku ile nimenyamaza. Na hata hivyo, sare ndiyo iliyokulipia kidato cha tano na cha sita, na wakunga hawatukanwi wakati uzazi ungalipo.

Ikifika Jumapili, mtu yule yule, au mwanawe, anakuja na mtumba, na hapo lugha inabadilika. Kijana kaamka alfajiri kwenda Karume kuwahi belo linapofunguliwa, kapigana vikumbo, kapata shati moja, na sifa kubwa ya shati hilo ni kwamba liko moja. Nikilisifu rangi hasikii. Nikimwambia, "Hili sijawahi kuliona," anafurahi mpaka anasahau kunipunja bei. Yaani Jumamosi anataka ahesabiwe na wenzake, Jumapili anataka aonekane peke yake, na kote kuwili fundi ni mimi.

Kuhusu bwanga sina la kusema isipokuwa malalamiko ya kazi. Miaka kumi na tano iliyopita shughuli yangu ilikuwa kubana. Suruali inaingia pana, inatoka modo, mpaka wengine walikuwa wanavisha mguu mfuko wa nailoni ndipo ipite kisiginoni. Leo wale wale wananirudishia wanataka upana. Nawaambia upana wenu nilishaugeuza matambara ya kufutia mafuta ya mashine. Bibi yako alikuwa akiwacheka sana. Yeye aliikuta Operesheni Vijana, pale Umoja wa Vijana wa TANU ulipoamua kwamba kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua ni marufuku hapa Dar es Salaam, kwa ajili ya kulinda utamaduni. Alisimulia wasichana walivyozomewa na kufukuzwa kwenye vituo vya basi Kariakoo. Haikupita miaka mingi, mitaa ikajaa suruali za pekosi zinazofagia barabara na viatu vya raizoni vya kumpandisha mtu kama yuko kwenye kigoda. "Huo utamaduni wao," alikuwa akisema, "kila wakiutafuta wanaukuta magotini kwa wasichana."

Usidhani mimi nimepona. Ninao ugonjwa wangu, na mama yako amesema niuandike humu ili ujue umeurithi kwa nani. Ni makoti ya mtumba ya kiume, yale mazito ya zamani. Siyavai. Nayafumua.

Makoti mengi ya sasa ukiyapasua kifuani unakuta gamu tu, vitambaa vimebandikwa. Ukifua mara nne linatoka mapovu kama chapati kwenye kikaango. Lakini mara moja moja belo linatoa koti la fundi hasa. Ndani ya kifua kuna kanvasi yenye singa za farasi, imeshikizwa kwa mkono, mishono midogo ya mshazari inapita kwa mamia, na mwenye koti hataiona maisha yake yote. Ukosi unageuka wenyewe bila kupigwa pasi. Siku nikipata koti la namna hiyo silali mapema. Nakaa na wembe na taa, nafungua mshono baada ya mshono, naandika kwenye daftari nini kilitangulia na nini kilifuata. Mama yako anasema nyumba imekuwa bucha, mizoga ya makoti inaning'inia kila msumari.

Wazee waliziita nguo hizi kafa Ulaya, kwamba mwenye nazo amekufa huko ndiyo maana zimetufikia. Inawezekana. Mfukoni mwa koti moja nilikuta tiketi iliyofuliwa mpaka imekuwa unga, nikaona vibaya kuitupa. Mimi nilifundishwa kaptura za shule na mashati, basi. Namna ya kuukalisha mkono begani bila kukunja, namna ya kulifanya koti lisimame lenyewe, nimefundishwa na marehemu nisiowajua hata majina, kwa kuwafumua. Kwa hiyo nikisikia mtumba umeua ushonaji nakubali nusu. Ni kweli nimeona mafundi wa baraza hii wakiuza vyerehani vyao mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe polepole mpaka ifikapo 2019. Rwanda ikashikilia, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo kwao bila ushuru. Sisi wengine tukalegea. Siku hiyo sikujua nifurahi au ninune. Niliendelea kufumua.

Sasa tuje kwenye khanga yako.

Hakuna mwingine anayo, unasema. Mwanangu, khanga tangu mwanzo ni kitu cha wengi. Wanawake wa pwani walianza na leso, na neno lenyewe tumelitoa kwa Wareno. Walikuwa wakizinunua zikiwa hazijakatwa, wakiziunga sita kuwa nguo moja, mpaka wenye maduka wakaona biashara wakaanza kuchapisha nguo nzima. Majina yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Mombasa, mtaa wa Biashara, lipo duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, la tangu 1887, na wengi humtaja yeye kuwa ndiye aliyeanza kuziandika. Hii ya bibi yako ilitoka karibu zaidi, kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Ni khanga ya mashine. Wiki aliyoinunua bila shaka wanawake chungu nzima waliinunua pia, rangi ile ile, jina lile lile: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Ninachojua mimi ni hiki. Bibi yako alikaa kwenye ndoa miaka minane bila mtoto. Shangazi yake babu yako akaanza kutafuta mke wa pili, na hakuwa mtu wa kunong'ona. Ikatokea arobaini ya msiba Pangani, ukoo mzima umekusanyika, na bibi yako akatoka na doti mpya akahudumia chai. Hakusema neno. Unajua khanga inavyofungwa, jina linakaa nyuma, chini ya kiuno. Hizi fulana zenu zenye maandishi kifuani husema mtu anapofika. Khanga husema ukishapita, na anayebaki nyuma hana wa kumjibu. Alimmiminia shangazi kikombe chake, akamkaribisha kwa adabu zote, kisha akageuka akarudi jikoni polepole. Hadithi hii alinisimulia mara nyingi, na kila aliposimulia hatua za kurudi jikoni zilikuwa zimeongezeka.

Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata.

Wanawake wote walioinunua khanga ile walikuwa na maneno yale. Shangazi yule alikuwa naye yeye peke yake. Ndiyo maana mkasi ulilala mezani wiki tatu. Sikuogopa kukata, khanga nimezikata nyingi tu, nimeshona mpaka mapazia ya hoteli. Nilikuwa najiuliza, huko chuoni, juu ya koti, maneno haya yatakuwa yanamwambia nani? Mpiga picha? Nikalitoa jambo hilo jikoni nikijua mama yako ataniunga mkono. Yeye anakuna nazi, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Umemuuliza mwanao? Huenda naye ana shangazi wake."

Nilikaa kimya, mama. Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Nilisikia "bwanga" na "hakuna mwingine anayo" nikadhani nimesikia sauti yote. Usiku ule niliifungua tena, dakika zote nne, bila mteja. Kwa hiyo nakuuliza, na kama hutaki kunijibu mimi, mpigie mama yako.

Asubuhi yake nikakata.

Sasa mambo ya koti. Jina liko mgongoni kama ulivyotaka, ila nimelishusha chini, halipo mabegani. Lisomwe ukishapita. Kifuani nimetia kanvasi niliyoitoa kwenye koti la mtumba, lile la singa, na nimeishikiza kwa mkono. Hutaiona, lakini ukikunja ukosi utaona unavyorudi wenyewe. Mikono ni kaniki, kile kitambaa cheusi. Usicheke. Najua siku hizi ukinunua kaniki watu wanauliza unakwenda kwa mganga gani. Ndiyo iliyokuwa nguo ya wanawake waliotumikishwa huku pwani, na Unguja utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897 waliikimbia, wakakimbilia khanga za rangi, kila mmoja kwa kadiri ya alichopata. Mimi nimeipenda ilivyoikalisha nyekundu ya khanga. Ila kaniki inachuja. Ufuo wa kwanza loweka peke yake kwenye maji baridi yenye chumvi, usikamue, geuza ndani nje, anika kivulini. Usilipeleke kwenye mashine ya hosteli.

Utauliza kwa nini kaniki wakati doti ina khanga mbili na wewe ulizitaka zote. Ni kweli, moja haitoshi koti la mikono mirefu. Niliyoikata ni ile aliyokuwa akiitunza, imekunjwa tangu mimi sijaanza shule, ndiyo maana rangi yake bado kali. Ya pili ndiyo aliyokuwa akiifunga. Ndiyo mbeleko niliyobebewa, na wewe ulipoletwa nyumbani siku ya tatu, jina lake ukiwa umeshapewa, aliitoa tena akakubeba nayo. Katikati imeliwa na migongo, ukiinyoosha kwenye mwanga unauona mkono upande wa pili. Niliiweka mezani, nikapaka chaki, nikaifuta chaki. Imerudi sandukuni. Ufunguo anao mama yako.

Kifungo cha tatu nimekipa uzi wa ziada kwa kuwa wewe ukikasirika ndicho unachokivuta. Na kondakta nimeshamlipa kila kitu hapa Mbezi. Akikudai ya kushushia mzigo pale Nanenane, mwonyeshe risiti niliyokutumia, usimpe hata shilingi.

Baba yako