Mtaa uwe na mpango wa kuwaachisha vijana unga, sio doria tu

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na viongozi wetu wa mitaa huku Mbagala, na kwingine Dar pia maana hali ni ile ile. Kila mkutano wa mtaa tunaongelea ulinzi shirikishi, michango ya ulinzi shirikishi, mateja wa unga, yaani heroini, wamekwapua simu wakamatwe, basi tumemaliza. Na kweli wanakamatwa, wakitoka wanarudi maskani ile ile wanakuta madogo wengine washajaa pale.

Mtu akishashikwa na arosto ya kukosa unga, makamasi yanamtoka, miayo haikatiki, mifupa inamuuma, huyo humtishi kwa rungu, atatafuta kete ya unga tu. Dawa ya kumsaidia aache ipo, methadone, inatolewa bure Muhimbili toka 2011 na baadae Mwananyamala na Temeke wakafungua kliniki, ila kwa kawaida inanywewa palepale mbele ya nesi, kila siku, Jumapili na sikukuu zote. Sasa nauli. Kuna mama muuza vitumbua namjua, hela ya kwanza kushika asubuhi anampa mwanae apande daladala akanywe dawa, siku biashara ikilala kijana haendi, na siku hiyo hiyo wenzie wa kijiweni wanampokea. Hivi mtaa mzima unaolipa walinzi kila mwezi unashindwa kweli kutenga nauli ya vijana walioamua kuacha??

Halafu hao walioacha wawekwe kwenye kamati jamani, wao ndo wanajua mzigo unaingilia wapi, nani anawaita watoto, na wengi walianzia kwenye msokoto wa bangi uliochanganywa unga. Mwenyekiti na mtendaji watayajulia wapi hayo? Na ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri wanayokopeshwa vijana, wasaidiwe na wao kusajili kikundi, maana ukimwachisha mtu unga halafu ukamwacha akae bure kutwa nzima umefanya nini.

Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku 2017, nilifurahi sana, ila marufuku haimpi dogo cha kufanya saa kumi jioni akitoka shule. Kiwanja cha mpira kilichobaki kisiguswe, hata kama kuna mtu anataka kujenga fremu.

Ombi langu kwa wenyeviti, mkutano ujao hili liwe ajenda ya kwanza, lisitupwe kwenye mengineyo saa ambayo watu washaanza kubeba viti.

Mkazi wa Mbagala,
Dar es Salaam